Matoleo manne ya "final" na taimulaini inayobadilika yenyewe

"Nahariri makala ya video ya dakika kama 20. Mteja anataka toleo refu, toleo la dakika 10 la kuonyesha mkutanoni, na vipande vya wima vya sekunde 60 vya kutazamwa kwenye simu. Kila maoni yanapokuja nanakili folda nzima na kuipa jina jipya. Sasa nina final, final2, final_kabisa na final_kabisa_mpya. Diski imejaa. Wiki iliyopita nilituma toleo lenye jina la mzungumzaji lililokosewa, ingawa nina hakika nililisahihisha. Mbaya zaidi, nilipunguza utangulizi kwenye toleo fupi nikakuta toleo refu nalo limepungua lenyewe. Je, programu imeharibika? Nifungue mradi mpya kwa kila toleo? Na ninawezaje kurudi kwenye toleo la wiki mbili zilizopita, ambalo mteja sasa anasema ndilo lilikuwa bora?"

Ndugu yangu, programu yako haijaharibika. Toleo refu lilibadilika kwa sababu matoleo yote mawili yanatumia kipande kimoja cha ndani, na hapo chini nitakueleza namna ya kukitenganisha. Jina la mzungumzaji nalo halikujirudisha: ulilisahihisha kwenye folda moja, ukatoa video kutoka folda nyingine. Na lile toleo la wiki mbili zilizopita, kwa unavyoeleza, kuna matumaini makubwa kwamba bado unalo.

Ila kabla hujaendelea kusoma, nakuomba usifute chochote. Diski ikijaa, mkono huwasha kufuta folda inayoonekana ya ziada. Kwa namna ulivyopanga kazi, hiyo ya ziada huenda ndiyo inayobeba picha za matoleo yote manne.

Faili la mradi halina video ndani yake. Lina maelekezo tu: chukua klipu fulani, yaani kipande cha video kilichorekodiwa, iliyoko mahali fulani kwenye diski, anzia fremu (picha moja moja ya video) hii, ishia fremu ile, iweke hapa, shusha sauti kiasi hiki. Wahariri walikuwa wakifanya kazi kwa orodha za namna hii tangu enzi za mitambo ya kuhariri ya CMX katika miaka ya 1970, na orodha ya mikato iitwayo EDL, ya mtindo wa CMX 3600, inatumika hadi leo kupeleka kazi kwa mafundi wa kurekebisha rangi za picha na mafundi sauti. Faili la mradi la programu ya kuhariri ya Premiere Pro ni maandishi ya mfumo wa XML yaliyobanwa. Kwa kazi kama yako ni megabaiti chache, labda makumi. Video yenyewe ni habari nyingine: iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa kila saa moja. Kwa hiyo ulipokuwa ukinakili folda nzima ili kutunza mabadiliko ya sentensi mbili na jina moja, ulikuwa unabeba upya gigabaiti zote hizo kwa sababu ya maandishi machache.

Hilo la nafasi ni hasara tu. La hatari ni anwani. Kila klipu imeandikiwa ndani ya mradi mahali inapokaa kwenye diski. Ukifungua mradi uliomo kwenye folda mpya, mara nyingi programu huitafuta klipu kwenye anwani ya zamani, na ikiikuta huko haikuulizi kitu. Unaamini final_kabisa inajitegemea, kumbe picha zake zote zinatoka kwenye final ya kwanza. Siku utakapofuta ile ya kwanza, skrini inajaa wekundu na ujumbe kwamba faili halipatikani. Ukitaka kujua ukweli wa mradi wako, bofya klipu yoyote iliyo kwenye taimulaini (mstari wa muda ambamo unazipanga klipu) kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uiambie programu ikuonyeshe faili lake lilipo. Fanya hivyo kwa klipu kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho wa kazi. Nadhani utashangaa.

Kama unatumia DaVinci Resolve, lipo jambo jingine linalowaumiza watu wengi. Kwa kawaida mradi wa Resolve haukai kwenye folda ya picha zako hata kidogo. Unakaa kwenye hifadhidata ya programu yenyewe. Unaweza kunakili folda mara 10 na usiwe na nakala hata moja ya kazi yako ya kuhariri. Huko inabidi uutoe mradi kama faili la drp, au kama kumbukumbu kamili ya dra inayochukua na picha zake. Wanaosahau hili huligundua baada ya kufuta kompyuta na kuweka mfumo upya.

Watu pia huegemea uhifadhi wa kiotomatiki kana kwamba unatunza matoleo. Hautunzi. Unapiga picha ya hali ya kazi kila baada ya muda fulani, na nakala zikifika kikomo ya zamani kabisa inafutwa. Ukiuweka kila dakika 5 na kikomo cha nakala 20, una dakika 100 za kazi ya mfululizo, yaani hata saa mbili hazifiki. Tena nakala hizo hazijui kwamba ile ya saa nane na robo ndiyo aliyoiona mteja. Uzipende, zitakuokoa umeme ukikatika, lakini panga matoleo yako kwa mkono wako mwenyewe. Kitufe cha kutendua nacho kisikudanganye, maana historia yake hupotea ukifunga programu. Na video ya mp4 uliyomtumia mteja ni ushahidi mzuri wa jinsi toleo lilivyokuwa. Mikato yake huwezi kuifungua tena ukaisogeza.

Sasa njia ninayokushauri. Picha na sauti zote ziwe kwenye folda moja ambayo huigusi tena mpaka kazi iishe: usibadilishe majina, usihamishe. Mradi uwe mmoja. Ndani ya mradi huo fungua folda mbili za taimulaini, moja uiite "kazini" na nyingine "zilizofungwa". Kwenye "kazini" kila aina ya toleo iwe na taimulaini moja tu: moja ya refu, moja ya mkutano, moja kwa kila kipande cha wima. Zilizobaki zote ziko "zilizofungwa", na hizo hufungui kwa ajili ya kuhariri hata kama ni kurekebisha herufi moja.

Taimulaini hufungwa lini? Mimi huifunga kazi inapotoka mkononi kwenda kwa mtu mwingine, au ninapokaribia kufanya jambo zito kama kuhamisha sura nzima. Siifungi kwa sababu siku imeisha. Ukifunga kila jioni, baada ya mwezi una taimulaini nyingi ambazo hata wewe hujui zinatofautiana wapi, na hapo umerudi ulikotoka.

Kitendo chenyewe kina mtego mdogo, nacho ndicho ninachokishuku katika kisa cha lile jina. Unarudufu refu_v06 na nakala unaiita refu_v07. Kwenye Premiere Pro, ukishafanya hivyo, dirisha la taimulaini bado limefungua v06. Programu haikuhamishi. Mtu anaona jina jipya kwenye orodha, anaamini yuko ndani yake, anaanza kusahihisha, na masahihisho yote yanaingia kwenye toleo la zamani. Kisha anatoa video kutoka v07, na kosa liko palepale. Kwa hiyo jizoeze mpangilio mmoja: rudufu, badilisha jina, peleka v06 kwenye "zilizofungwa", funga vichupo vyote vya taimulaini, ndipo ufungue v07 kwa kuibofya. Soma jina lililoandikwa juu ya kichupo kabla ya kugusa klipu ya kwanza. Ni sekunde chache.

Kuhusu majina, neno "final" liache kabisa. Tumia namba za tarakimu mbili, v01, v02, ili v10 isije ikapangwa kabla ya v2 kwenye orodha. Anza na aina ya toleo: refu_v07, mkutano_v03, wima-a_v02. Kila aina ina hesabu yake, hivyo si lazima mkutano_v03 ilingane na refu_v03. Video unayoitoa ichukue jina lilelile la taimulaini, herufi kwa herufi. Na kwenye kila nakala unayomtumia mteja aitolee maoni, andika jina hilo kwa maandishi madogo pembeni mwa picha, pamoja na taimukodi inayotembea, yaani namba za saa, dakika, sekunde na fremu. Programu zote kubwa zina njia ya kufanya hivyo.

Hiyo taimukodi naomba usiione kama mapambo. Mteja akisema "kwenye dakika 4 na sekunde 10 ondoa huyo mzee", anasema kuhusu video iliyo mbele yake. Kama tangu uitume umeshapunguza sekunde 8 mwanzoni, kila namba kwenye orodha yake imekosea kwa sekunde 8, na utamwondoa mzee asiye yeye. Ukiona v06 kwenye maoni yake, fungua v06 iliyofungwa kwa kutazama tu, ona anachokisema, kisha kitafute kwenye v07.

Tuje kwenye toleo refu lililojipunguza. Unapochukua klipu kadhaa na kuzifunga pamoja ziwe kipande kimoja, iwe nesti ya Premiere Pro au klipu kiunganishi ya Resolve na Final Cut Pro, kipande hicho kinakuwa kitu kinachojitegemea ndani ya mradi. Kinachokaa kwenye taimulaini yako ni marejeo ya kukiendea. Ukirudufu taimulaini, unarudufu marejeo. Kile kipande cha ndani kinabaki kimoja. Ni nyumba mbili zinazoteka kisima kimoja: chochote unachokitia kisimani kinafika kwenye mitungi ya nyumba zote mbili. Wewe ulifungua utangulizi, ambao bila shaka uliufunga kama kipande cha namna hiyo, ukapunguza klipu zilizomo ndani, na toleo refu likapokea mabadiliko yaleyale.

Wakati mwingine hicho ndicho unachokitaka. Vibao vya majina ya wazungumzaji, nembo na orodha ya shukrani vinafaa sana kuwa vipande vya pamoja. Ukisahihisha jina mara moja, limesahihishwa kwenye refu, kwenye mkutano na kwenye wima. Kwa kosa lililokuletea aibu wiki iliyopita, hiyo ndiyo dawa ninayoiamini zaidi. Lakini chochote ambacho urefu wake au mpangilio wake wa picha utatofautiana kati ya matoleo, kitenganishe. Kwenye Premiere Pro rudufu ile nesti kwenye orodha ya mradi, ipe jina linaloonyesha ni ya toleo gani, kisha ndani ya toleo fupi badilisha ile ya zamani kwa hii mpya. Kwenye Resolve unaweza kukivunja kipande palepale kwenye taimulaini fupi ili klipu zake zirudi kuwa huru. Final Cut Pro imelirahisisha jambo hili: ukirudufu kwa amri ya kutengeneza snapshot badala ya ile ya kawaida, nakala inajitegemea pamoja na vipande vyake vya ndani.

Vitu vingine vinavyovuka kutoka toleo moja hadi jingine bila kubisha hodi ni marekebisho yanayofanywa kwenye klipu chanzo, kama vile kuiambia programu iisome klipu kwa kasi nyingine ya fremu, au kuiwekea athari (effect) klipu chanzo yenyewe. Na kwenye Resolve, rangi ina matoleo ya ndani (local) yanayobaki kwenye taimulaini moja na ya rimoti (remote) yanayoifuata klipu kokote ilikotumika. Ukiona rangi ya toleo refu imegeuka bila kuigusa, angalia hapo kwanza.

Je, kila toleo liwe na mradi wake? Kwa kazi yako, hapana. Ukigawanya miradi, ule wema wa vibao vya pamoja unapotea, na kila sahihisho unalifanya mara tatu nne. Lakini nitakuwa si mkweli nikisema mradi mmoja unafaa daima. Taimulaini nyingi ndefu huufanya mradi kuwa mzito na kuchelewa kufunguka, na faili moja likiharibika limeharibika na yote. Kwa hiyo kila hatua kubwa, kwa mfano mteja anapoidhinisha picha za toleo refu, tengeneza nakala ya faili la mradi lenyewe, si ya folda nzima. Chagua amri vizuri: ukitumia Save As, unahamia kwenye faili jipya na la zamani linabaki nyuma likiwa limeganda, ukitumia Save a Copy, nakala inakaa pembeni nawe unaendelea na faili lilelile. Zote mbili zinafaa, mradi ujue uko kwenye faili lipi. Fanya hivyohivyo kabla ya kupandisha toleo la programu, kwa sababu mradi uliofunguliwa kwenye programu mpya kwa kawaida haurudi kwenye ya zamani.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni wakati wa kutoa tawi, yaani kuanza toleo jingine kutoka kwenye refu. Ukianza toleo la mkutano na vipande vya wima wakati refu bado linavutwa huku na huku, kila badiliko la mteja ni kazi mara nne. Ningekuwa wewe, ningemwomba mteja aidhinishe picha za refu kwanza, kisha refu lililofungwa ndilo ningelirudufu kuwa mkutano_v01 na kuanza kupunguza. Kama tarehe hairuhusu kungoja, weka orodha ya maandishi ya kila sahihisho lenye visanduku vya matoleo yote, na usitoe toleo lolote mpaka kisanduku chake kiwe na alama. Vipande vya wima navyo vitahitaji jicho lako. Zana za kupanga fremu kiotomatiki hufuata uso vizuri pale uso ukiwa mmoja, lakini watu wawili wanapozungumza huweza kuchagua asiyesema. Pitia kila mkato.

Sasa tulitafute toleo la wiki mbili zilizopita. Panga folda zako nne kwa tarehe ya mwisho ya faili la mradi na utazame ni lipi liko karibu na siku uliyolituma. Kisha ingia kwenye folda ya uhifadhi wa kiotomatiki ya kila moja. Huenda iliyoachwa siku nyingi bado ina nakala za wakati ule, kwa kuwa hukuendelea kuzizidisha. Utakalolipata, linakili kwanza mahali pengine, ndipo ufungue hiyo nakala au uingize taimulaini yake kwenye mradi wako wa sasa. Ipe jina la kueleweka na uifunge.

Kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, chukua mp4 uliyomtumia mteja na uilaze kwenye safu ya juu ya taimulaini hiyo, mwanzo kwa mwanzo. Badilisha namna ya kuchanganya picha iwe ya tofauti, ile iitwayo Difference kwenye menyu. Pale picha mbili zinapolingana skrini inakuwa nyeusi, au karibu nyeusi kwa sababu ya ubanaji wa mp4. Pale zinapoachana unaona vivuli vya picha vikijitokeza. Songa mbele polepole. Ukifika mahali ambapo weusi unakatika na haurudi tena, kuna klipu iliyoongezwa au kuondolewa hapo. Ikate mp4 mahali hapo, isogeze mpaka weusi urudi, kisha endelea. Hata usipopata mradi wa siku ile, njia hii itakuwezesha kulijenga upya toleo hilo kutoka kwenye v07 kwa usahihi wa fremu, maana unayo picha yake mbele yako.

Nafasi ya diski uishughulikie mwisho. Anza na akiba ya muda ya programu, ambayo hujitengeneza upya, kisha proksi (nakala nyepesi za klipu za kuhariria) unazoweza kuzizalisha tena. Folda zilizorudiwa zijaribu kabla ya kuzifuta: ibadilishe jina ile unayodhani haihitajiki, fungua mradi mkuu na upitie taimulaini zote, pamoja na zilizofungwa. Klipu ikikosekana, irudishe folda kwenye jina lake, hamishia picha husika kwenye folda kuu na uziunganishe upya. Ukikuta zote zipo, iache hivyo siku kadhaa ukiendelea na kazi, ndipo uifute. Na kabla ya yote hayo uwe na nakala tatu za picha zako asilia, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo unalofanyia kazi.

Ikitokea faili la mradi limekataa kufunguka, fungua mradi mpya mtupu na ujaribu kuingiza taimulaini kutoka kwenye lile bovu. Mara nyingi zinaingia. Lakini diski ikianza kutoa sauti ya kugonga, au ukigundua umefuta picha ambazo hazina nakala, izime papo hapo. Usiandike kitu kingine juu yake, usijaribu programu moja baada ya nyingine za kurejesha. Mpelekee fundi wa kuokoa data mkononi, kwa kuwa kila kinachoandikwa upya hupunguza kinachoweza kupatikana. Na kama mteja huyu ataleta mhariri wa pili, msitumie folda inayojisawazisha mtandaoni huku nyote mmefungua mradi uleule, kwa sababu mtaishia na nakala mbili zinazopingana. Tafuteni mtu mwenye uzoefu wa miradi ya pamoja akae nanyi nusu siku awapangie seva na ruhusa kabla hamjaanza kukata.